Bamba la Shaba, Mirija ya Titani

Kazi niliyoifanya katika karakana moja ya Rusayl, kando ya Maskati, kwa sehemu kubwa ya umri wangu haina jina zuri kwa Kiswahili. Nikiulizwa nyumbani nilikuwa nasema natanua mirija, na wanawake wakicheka. Nitaieleza hapa mara moja, maana asiyeijua kazi hatalifahamu kosa.

Chukua pipa la chuma, refu kuliko gari. Ndani yake imelazwa mirija myembamba, mamia kwa mamia, na kila upande wa pipa pana bamba nene lililotobolewa mashimo. Ncha ya kila mrija inaingia katika shimo lake. Maji ya bahari yanapita ndani ya mirija, mvuke wa moto unapita nje yake, na viwili hivyo havitakiwi kukutana hata kidogo. Kinachovitenga ni pale mrija unapopita katika bamba. Pale hapachomewi wala hapatiwi gundi. Unatia ndani ya mrija chombo chenye vigurudumu vitatu vidogo na pini iliyochongoka katikati, unakizungusha kwa mota. Pini inavisukuma vigurudumu nje, vigurudumu vinautanua mrija mpaka unaligusa shimo, kisha unaendelea kidogo mpaka unalikaza. Ukisimama mapema panavuja. Ukizidisha, mrija unakuwa mwembamba na shimo linapanuka, na hapo panavuja vile vile, ila safari hii hapatengenezeki.

Ujuzi wote umo katika kujua wapi pa kusimama. Mimi nilijua kwa sikio na kwa kiganja. Mrija wa shaba ukishashika, mota inabadilisha sauti, inakuwa kama mtu aliyetiwa mzigo begani ghafla, na mkono unahisi chuma kinakataa. Nilikuwa naachia hapo hapo. Kulikuwa na mota nyingine, inayojizima yenyewe ikifika nguvu uliyoipangia, lakini ilikaa ndani ya sanduku lake kabatini na hakuna aliyethubutu kunipa. Niliiona kama fimbo ya mtu anayechechemea.

Nilikuja Maskati kutoka Unguja nikiwa kijana, na cheti cha sekondari ambacho hakikunisaidia kitu, kwa sababu Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea dua tu. Waliozaliwa huku walinicheka nilivyokuwa nikitamka. Wazee wao na wazee wangu walitoka kijiji kimoja cha ndani ya Omani, lakini wao walibaki na sisi tulikwenda Unguja, na mtu aliyerudi huwa lazima aonyeshe kwamba amerudi na kitu. Mimi nilichokuwa nacho ni huu mkono. Katika karakana ile, mkono wangu ndio uliosema Kiarabu safi. Nayasema haya si kwa kujitetea. Nataka tu ijulikane kwa nini niliushikilia sana.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alifiwa na baba yake angali mdogo, nikamchukua mimi. Nilimlea pamoja na wanangu, nikampeleka madrasa, skuli, na mwishowe chuo, akasomea uhandisi. Alikuwa mtoto asiyejibu. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimgombeza kwa kosa la mwenziwe, anainamisha kichwa na kukuacha umalize. Dada yangu alikuwa akijisifu kwa hilo kwa majirani zake wote wa mtaa wao wa Hail, na mimi nilijisifu pia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini akaajiriwa karakana ile ile ya kwetu, akiwa mkaguzi. Maana yake ni kwamba kazi yangu ikishamaliza kupita mkononi mwangu, inapita machoni mwake. Alikuwa na chapa ndogo ya chuma yenye alama yake, na pipa halikutoka langoni mpaka ameipiga chapa ile kwa nyundo ukingoni mwa bamba.

Kila asubuhi alikuja mpaka kwenye meza yangu ya kazi, akaniinamia akanibusu mkono, mbele ya kila mtu.

"Sabalkheri, mjomba."

"Sabalkheri, baba. Mama yako hajambo?"

Palikuwa na fundi mmoja Mpemba, rika langu, mchomeaji, mtu asiyeweza kuona jambo akanyamaza. Akasema, "Hebu nambieni, yakhe. Mkaguzi gani huyu anambusu mkono yule anayemkagua?"

Tukacheka wote. Mpwa wangu akacheka pia, akafuta mafuta yaliyomgusa mdomoni kwa nyuma ya mkono. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilifurahi.

Kazi yenyewe ililetwa na hoteli moja ya pwani. Ilikuwa na mtambo wake mdogo wa kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kutumia vyumbani, na mirija ya pipa moja la mtambo huo ilikuwa imeliwa na chumvi na mchanga. Ilikuwa mirija ya shaba katika mabamba ya shaba ya njano. Hoteli haikutaka tena mirija ya shaba, ilitaka ya titani, madini mepesi ya kijivu ambayo bahari haiwezi kuyala. Lakini mabamba ya zamani yalikuwa bado mazima, wakataka yabaki. Basi tukawa na mrija wa kitu kimoja na bamba la kitu kingine, na mimi nilikuwa sijawahi kutanua titani.

Nilianza siku ile ile mirija ilipofika. Mpwa wangu akaja akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Mjomba, hii si shaba."

"Naona. Mie si kipofu."

"Titani ngumu, tena inarudi. Ukiisukuma nje, ukiiachia inarudi nyuma kidogo. Na bamba hili ni laini, likishasukumwa limekwenda, halirudi sana. Baina yao patabaki nafasi."

"Nafasi ya kupita nini?"

"Ya kupita maji, mjomba."

Mpemba alikuwa amevua miwani yake ya kuchomea ili asikie vizuri. Vijana wengine nao walikuwa wamesimamisha kazi. Nikasema kwa sauti ya kuwafikia wote, "Mie natanua mirija tokea wewe unanyonya. Leo unifundishe mrija unarudi wapi?"

"Mwache mjomba wako, bwana mkaguzi," akasema Mpemba. "Huyu anaisikiliza mirija kama daktari anavyosikiliza kifua. Ataiuliza yenyewe kama inataka kurudi."

Wakacheka. Mpwa wangu akangoja kicheko kiishe, kisha akasema taratibu, "Nnataka tujaribu kwanza kwenye kipande cha bamba. Tutanue mirija michache kwa ile mota ya kabatini, tukate, tutazame ndani. Na kazi ikishakwisha, tusiishie kujaribu kwa maji baridi. Tulipashe moto. Shaba inavimba kwenye moto kuliko titani. Huenda ikakaza ikiwa baridi, ikaachia ikiwa moto."

"Tulipashe moto pipa zima? Kwa kuni au kwa makaa?"

Safari hii hata yeye alicheka. Alitazama chini, akacheka, akarudi ofisini kwake. Nikajiona nimeshinda.

Nataka kusema kitu ambacho sikukisema popote wakati ule. Sikuwa mjinga wa alichokuwa akinieleza. Nilikuwa nimesoma kiasi cha kufahamu kwamba vitu viwili havivimbi sawa. Na zaidi ya hilo, nilipokuwa nikitanua ile titani, sauti ya mota haikuwa ile niliyoizoea. Haikufika mahali pa kutulia. Ilipanda, ikayumba, ikapanda tena, na kiganja changu hakikujua kinangoja nini. Kwenye mirija ya mwanzo nilisimama kwa kukisia. Kwenye iliyofuata nilizidisha, kwa sababu niliogopa nimesimama mapema. Niliendelea hivyo mpaka mwisho wa bamba la pili, uso wangu ukiwa wa mtu anayejua anachokifanya. Kama angekuwa mkaguzi mwengine, mtu baki, nadhani ningemwita pembeni nikamwambia kazi hii inanishinda. Kwa mtoto niliyemfundisha kufunga viatu, sikuweza.

Halafu ilikuwepo haraka pia, nayo ni ya furaha. Dada yangu alikuwa amemwonea mwanawe mchumba, binti wa watu wa Matrah, watu wa Unguja kama sisi, baba yake ana cheo katika serikali. Posa ilikuwa Ijumaa. Mwenyewe, kwa desturi, haendi. Wanakwenda wazee, na mzee wa kusema alikuwa mimi. Alhamisi nilitaka kutoka mapema nikachukue halwa na kumpeleka dada yangu udi wake.

Alhamisi asubuhi tukalijaza pipa maji ya bomba, tukayatia nguvu, tukangoja. Ilikuwa miezi ya baridi, na maji yale yalikuwa ya baridi kweli. Mabamba yalikaa makavu. Mpwa wangu alipita kwa kitambaa cheupe kila mstari wa mashimo, akakitazama kitambaa, akakikunja.

"Limekauka," nikasema.

"Limekauka, mjomba. Lakini nipe mpaka Jumamosi. Ntaazima boila, tulijaze maji ya moto, tulitazame mara moja tu. Likiwa salama, mie wa mwanzo kukuomba radhi."

"Jumamosi lori la hoteli linalichukua."

"Lori linangoja."

Sikuwa na haja ya kusema nilichokisema. Nilikisema kwa sababu Mpemba alikuwa pale, na vijana walikuwa pale, na walikuwa wanasubiri kichekesho. "Mie kesho nakwenda kukuposea," nikamwambia. "Nikafike kwa watu wa watu niwaambieje? Kwamba kijana wetu hauamini mkono wa mjomba wake?"

Alinitazama kidogo. Nilidhani atajibu. Kisha akatoa chapa mfukoni, akaiweka ukingoni mwa bamba, akapokea nyundo.

"Kama wewe unaona sawa, mjomba."

Akapiga.

Ijumaa, baada ya sala, tukapokewa Matrah kwa heshima zote. Kahawa, halwa, ubani. Nilizungumza vizuri siku ile, nalijua hilo. Nilisema kijana wetu ana dini, ana elimu, ana kazi na jina katika kazi yake. Baba wa binti akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tuliporudi Hail dada yangu alinipokea mlangoni kwa vigelegele, na mpwa wangu akanibusu mkono na kichwa. Nilikula chakula kingi.

Haukupita muda mrefu, hoteli ikaleta malalamiko. Maji vyumbani yalikuwa na chumvi. Wageni walikuwa wanapiga mswaki wanatema.

Tulikwenda mimi, mpwa wangu na Mpemba. Mtambo ulikuwa umezimwa tangu jana yake na pipa limepoa. Tukafungua vifuniko vya ncha zote mbili, watu wa hoteli wakatia maji nje ya mirija, tukatazama mabamba. Makavu. Hata tone. Nikamgeukia mhandisi wa hoteli, nikamwambia kwa Kiarabu changu bora, "Mirija haina neno. Tafuteni kwengine." Nikampiga mpwa wangu begani.

Yeye alinipita. Alimuuliza mhandisi kama boila la hoteli linaweza kuleta maji ya moto mpaka pale. Linaweza. Wakayamwaga yale ya baridi, wakajaza ya moto. Mpwa wangu akaweka kiganja juu ya bamba akakiacha pale, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Bamba likaanza kupata moto. Halafu mrija mmoja wa pembeni ukazungukwa na mstari mwembamba wa maji, mwembamba kama unywele. Kisha wa jirani yake. Kisha bamba zima likatoka jasho, kila shimo na duara lake, na matone yakakutana yakateremka kwenye sakafu.

"La haula," akasema Mpemba. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema neno moja akaacha.

Mpwa wangu hakunitazama. Alichukua kitambaa akafuta mkono wake.

Mirija yote ililazimika kutolewa. Ilipotoka, mashimo yalikuwa yamepanuka mno kwa nguvu zangu, hayakufaa tena kwa mrija wowote. Mabamba yakatupwa. Hoteli ikanunua maji kwa malori siku zote hizo, na jina la karakana likatembea.

Meneja akatuita. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyojua, na alijua kidogo, kwa sababu kazi hizo mbili, yangu na ya mpwa wangu, zilikuwa zimekutana mbali na macho yake. Palikuwa na mtu wa hoteli pia, ameketi pembeni. Meneja akauliza swali moja, kwa utaratibu kabisa: "Nani aliamua lisijaribiwe kwa moto?"

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Mpwa wangu alikuwa kushoto kwangu. Safari hii ndiyo aligeuza kichwa akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja, vile alivyokuwa akiningoja alipokuwa mdogo nje ya msikiti, viatu vyangu mkononi mwake.

Nikasema, "Anayeamua ni mkaguzi."

Ilikuwa kweli. Kwa taratibu za karakana, ilikuwa kweli tupu. Sikusema uongo hata herufi moja.

Meneja akamgeukia. "Wewe ulipasisha?"

"Ndiyo," akasema mpwa wangu. "Nilipasisha mimi. Alama ni yangu."

Angeweza kusema zaidi. Mpemba angeshuhudia, vijana wote wangeshuhudia. Akaambiwa akusanye vitu vyake.

Nimepata miaka mingi ya kujiuliza kwa nini nilijibu vile. Nilikuwa karibu na kustaafu, lakini wasingenifukuza. Muomani mwenye miaka yangu pale wangemkemea tu na kumhamisha meza. Niliogopa kukemewa mbele ya vijana niliowafundisha. Nilijiambia yeye ni mdogo, amesoma, milango yake iko wazi. Na nadhani, ingawa ni aibu kuandika, nilijiambia kwamba nilimlea, basi na yeye anibebee hili moja.

Dada yangu alinipigia simu niende Hail. Nilimkuta jikoni anachambua mchele, na hakuinuka.

"Karibu, kaka. Kaa."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Mwanangu hanambii kitu," akasema. "Nnamuuliza, ananambia ni kosa lake. Nimekwenda kwa mke wa Mpemba, kanambia mengine. Nataka kusikia kwako."

Nikamwambia. Si yote, lakini ya kutosha.

Aliendelea kuchambua. "Basi nenda kamwambie meneja."

"Ntakwenda."

"Lini?"

"Jumamosi, inshallah."

"Kaka, wale watu wa Matrah washasikia. Jana mama wa binti kaleta salamu, ati mtoto bado anasoma, ngoja kwanza tuone. Wewe ndo ulokwenda kusema pale kuwa ana jina. Kalirudishe."

"Nshasema ntakwenda."

Aliinua sinia, akapuliza makapi. Kisha akasema, bila ya kunitazama, "Kosa langu pia. Mie ndo nlomfundisha asikujibu."

Jumamosi sikwenda. Nilifika mpaka ukumbi wa nje wa ofisi ya meneja, nikaambiwa yupo na wageni, nikafurahi kuambiwa hivyo, nikarudi kwenye meza yangu. Jumapili nilikuwa na kazi. Baadaye ikawa aibu ya kuchelewa imeongezeka juu ya aibu ya kwanza, na mbili pamoja zilinishinda nguvu. Binti wa Matrah akaolewa na mtu mwengine. Dada yangu hakuniuliza tena. Aliendelea kunikaribisha kila Ijumaa, kunipakulia kwanza, kunisogezea mchuzi, na katika miaka yote iliyobaki ya uhai wake hakuniambia tena jambo lolote lililomo moyoni mwake. Nilikula wali wake kama mgeni.

Mpwa wangu alikaa bila kazi kwa muda. Maskati ni mji mkubwa kwa anayeupitia tu. Kwa watu wa kazi yetu ni mdogo, wote wanajuana, na kila alikokwenda walishasikia habari ya hoteli. Mwishowe akapata kazi Sohar, ya chini kuliko ile ya kwanza, akahamia huko, akaoa huko, polepole akapanda. Niliambiwa na watu, siku nyingine, kwamba ni mkaguzi anayeogopwa. Haridhiki na neno la mtu yeyote, awe nani, mpaka ajaribu mwenyewe. Waliniambia kwa kumsifu, na mimi nikasema alhamdulillahi.

Dada yangu alipofariki, tulisimama pamoja mlangoni kupokea rambirambi, mimi wa kwanza na yeye wa pili, kama ilivyo desturi. Alinishika mkono kunisaidia kuteremka kaburini. Wageni walisema nimebahatika kwa mpwa kama yule.

Nilistaafu. Ile mota inayojizima imetoka kabatini, wote wanaitumia, na Mpemba aliniambia kabla ya kurudi kwao Chake Chake kwamba siku hizi kijana anajifunza kwa wiki chache kile nilichokiita mkono wangu.

Ni Idi moja, miaka ya elfu mbili imeshakwenda katikati, ndipo nilipomwomba msamaha. Huja kila Idi kutoka Sohar, na mkewe na binti zake wawili, kunipa mkono. Wanawake walikuwa ndani. Tulikuwa wawili tu kwenye majlis, chumba cha kupokelea wageni. Nilikuwa nimepanga maneno kwa mwezi mzima wa Ramadhani, na yote yakanipotea.

"Kuhusu lile pipa la hoteli," nikasema. "Nilikuacha peke yako. Nisamehe."

Alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini.

"Mjomba, yashakwisha hayo. Hata siyakumbuki."

"Unayakumbuka."

"Yashakwisha, wallahi. Usijisumbue nafsi yako siku ya Idi."

"Nitukane basi. Nambie neno moja baya, nilisikie."

Akatabasamu, tabasamu la kumliwaza mgonjwa. "Nikutukane vipi, na wewe ndo ulonilea?" Akainuka akanibusu kichwa, akarudi kukaa, akaniuliza kuhusu sukari yangu na kama natumia dawa.

Sikujua, na sijui mpaka leo, kama alinisamehe au aliniheshimu tu. Kwake yeye mambo hayo mawili yanatoka kwa sauti moja, na mimi ndiye niliyemkuza yawe hivyo.

Binti yake mkubwa akaingia, wa miaka kama kumi, na viatu vyake vipya vya Idi.

"Baba, tunaondoka lini?"

"Baada ya Alasiri. Saa hizi barabara ya Barka imejaa, watu wote wanarudi makwao."

"Si kweli! Baada ya Alasiri ndo itajaa. Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, tukakwama mpaka nikalala."

"Ulilala kwa sababu ulikula halwa sinia nzima."

"Baba, umekosea tu, sema umekosea!"

"Haya, nionyeshe nimekosea wapi. Leta ushahidi, bibi mkaguzi."

Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu alipokuwa mtoto, kicheko cha kifuani, kichwa nyuma. Mtoto alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, anamhesabia hoja zake vidoleni, na yeye anazipinga moja moja, na wote wawili wanafurahi. Nikatamani kuingia. Nilitaka kukaa ndani ya mchezo ule hata kidogo. Nikasema, kwa mzaha, kumpa mtoto nguvu, "Mwambie, mwanangu! Ondokeni sasa hivi, baba yako hajui barabara."

Kicheko kikakatika. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini.

"Sawa, mjomba," akasema. "Tutaondoka sasa."

"Natania tu," nikasema. "Kaeni. Kahawa haijesha."

"Hapana, mjomba, umesema vizuri. Bora tutoke mapema."

Akamwita mkewe. Wakakusanya mabegi, zawadi, kibati cha halwa. Akaniinamia akanibusu mkono, na mkewe akaniaga kwa adabu kutoka mlangoni. Niliwafuata mpaka nje. Kutoka pale kwenye ngazi barabara kuu inaonekana, na ilikuwa imejaa magari mpaka mwisho wa macho, yamesimama, yanang'aa juani. Mpwa wangu aliyaona. Mtoto naye aliyaona.

"Baba," akasema, mguu mmoja ndani ya gari, "wewe ndo ulikuwa sawa. Tungoje."

"Ingia garini," akamwambia. "Babu yako keshasema."